Buti za Mlinzi

Jumatatu, 4 Machi

Muuguzi wa kliniki ya sukari amenipa daftari, akaniambia niandike kila ninachokula, kila ninachokunywa, na namba ya kipimo cha asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni. "Andika ukweli, Mzee," akasema. "Daftari halitakugombeza." Sawa, daftari halitanigombeza, na yeye je? Mwanamke huyu anahesabu vijiko vya sukari kama polisi anayehesabu risasi. Nimempa jina la Bibi Kijiko, na mwenyewe halijui.

Kwa hiyo njiani nimenunua daftari la pili. Lile lake litakula mboga za majani na maharage. Hili ni langu, humu nitasema ninachokula kweli.

Leo: chai, vijiko vitatu. Nusu mkate na jamu. Soda moja mchana. Wali wa kushiba jioni. Kipimo cha asubuhi 14.8. Kwenye daftari lake nimeandika 8.1, maana ningeandika sita angeshtuka.

Kuna jambo moja aliloniambia halijanitoka. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu, inaanzia miguuni, na mtu wa umri wangu asipojichunga mguu unaondoka. Nilicheka. Mimi ni fundi viatu, miguu ya mtaa mzima naijua kwa visigino vyake. Lakini marehemu kaka yangu aliingia hospitali kwa kidonda cha kidole kimoja cha mguu, akatoka hana mguu, na mwaka haukwisha tukamzika. Mimi yangu hawaigusi. Nitazikwa nayo yote miwili.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. 15.2.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua haijakata hata leo. Watu wanalalamika, mimi nafurahi kimyakimya, kwa sababu haya ndiyo mavuno yangu. Soli zinaachia, visigino vinalegea, na wateja wanapanga foleni mbele ya kibanda wamesimama kwa mguu mmoja. Tabu ni kwamba gundi haishiki kwenye ngozi yenye unyevu, kwa hiyo msimu huu napiga misumari zaidi. Nikimaliza kupiga naingiza mkono ndani ya kiatu, napapasa kila mahali kwa ncha za vidole, na msumari uliochungulia naukunja kwa nyundo. Miaka ishirini na sita nimefanya hivyo, hakuna mteja aliyewahi kurudi kwangu akichechemea.

Kinyozi wa kibanda cha pili, tunayemwita Wembe, ameniletea soda. "Kunywa, Fundi. Hao wa hospitali ukiwasikiliza utakufa njaa huku una afya njema." Nilicheka mpaka misumari niliyoibana mdomoni ikanidondoka.

Alhamisi, 14 Machi

Mke wangu ameficha kikopo cha sukari. Nilimuuliza kiko wapi, akasema kimekwenda kuwasalimia kwao.

"Basi na mimi nitakwenda kwetu," nikamwambia.

"Nenda. Ukifika uwaambie na namba ya leo asubuhi."

Naishi na askari jela. Amenipikia maharage na mboga, na wali pembeni mdogo kama wa mtoto anayeota meno. Nimekula nimenuna, yeye akala chake.

Anayenionea huruma ni binti yangu. Ana miaka ishirini na minne, anauza vifaa vya shule dukani, na jioni hupita kibandani na pakiti ya biskuti tukagawana nusu kwa nusu. "Mama asijue," ananiambia, mdomo umejaa. Huyu kanifuata mimi, umbo na ulafi. Nikimwona anakung'uta vipande vilivyobaki kwenye karatasi na kuvirusha mdomoni, najiona mwenyewe nilipokuwa kijana. Namba 15.9.

Jumatatu, 18 Machi

Siku mbaya.

Mwalimu wa darasa la kwanza amenikuta nafungua, viatu mkononi, amefura. "Fundi, umenitoboa mguu." Nikamwambia haiwezekani. Akanisogezea kiatu: "Ingiza mkono mwenyewe." Nikaingiza, nikapapasa, nikamwambia ndani ni laini kama shavu la mtoto. Akanitazama vibaya.

"Unanitania? Kidole chako kiko juu yake."

Nikachungulia. Kidole changu cha shahada kilikuwa kimekalia ncha ya msumari, ngozi imebonyea.

Nimemtengenezea bure na nimemwomba radhi mara tatu. Alipoondoka nilichukua msumari mpya nikajichoma kidole kimoja baada ya kingine. Dole gumba la kushoto linasikia kidogo. Vingine vyote nimeona damu inatoka, maumivu nimeyasubiri, hayakuja. Kumbe ndiyo maana sindano ya kipimo haiumi siku hizi. Nilidhani nimezoea.

Fundi viatu asiyesikia kwa vidole atajiitaje fundi? Nimeogopa leo, naandika hivyo hivyo. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 20 Machi

Nimepata njia. Kama mkono haufai, mguu upo. Viatu vya wanaume vinavyonienea nitavivaa mwenyewe na kuzunguka navyo kibandani mara tatu kabla ya kumpa mwenyewe. Vya kina mama na watoto vikihitaji misumari nitasema kazi imenizidi. Wembe ameniuliza mbona natembea na viatu vya watu, nikamwambia nasikiliza kama vinalia. Nimejipongeza kwa chai yenye vijiko vinne.

Jumatatu, 25 Machi

Mlinzi wa benki ameleta buti zake, soli ya kulia imeachia nusu nzima. Tunavaa namba moja, arobaini na tatu. Nimepiga misumari kumi na minne, nimezivaa, nimezunguka mara tatu. Safi, hazina kitu. Amezichukua jioni kukiwa na mvua. 16.1.

Jumatatu, 1 Aprili

Kliniki. Tangu juzi asubuhi nimeishi kwa maji na mboga, kama ninavyofanya kila nikikaribia tarehe yao. Kipimo chao kikasoma 8.3. Bibi Kijiko akanisifu. Akasoma daftari lake ukurasa kwa ukurasa akasema, "Unakula vizuri kuliko mimi, Mzee." Nilijiona mwizi kwa dakika nzima.

Kisha akanitoa damu mkononi, kichupa kizima, akasema ni kipimo kingine na majibu nitayapata nikirudi. Akataka nivue viatu aone miguu. Nikamwambia kibanda nimekiacha wazi na wingu lile pale. Njiani nimekunywa soda mbili nimesimama.

Alhamisi, 4 Aprili

Soksi ya kulia imelowa tena. Kibanda kinavuja upande ule. 16.6.

Jumatatu, 8 Aprili

Wembe anasema panya amefia kwangu. Nimemwambia aje akeshe siku nzima na viatu vya watu vilivyoloa ndipo azungumze habari ya harufu. Lakini nimetoa kila kiatu nje, nimefagia, nimemwaga dawa, na harufu bado ipo.

Alhamisi, 11 Aprili

Mlinzi wa benki amepita asubuhi, anacheka tangu mbali.

"Fundi, ulinichinjia kuku ndani ya buti?"

"Kuku gani?"

"Siku ile nafika kazini, naingiza mguu wa kulia, nakutana na msumari. Nikauchomoa mguu haraka, sikuumia. Kuchungulia ndani, damu imeganda! Nikasema leo Fundi kaua."

Wateja wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka, Wembe akacheka, na mimi nikacheka nao. Nikamuuliza msumari ulikuwa sehemu gani. Akainua mguu akanionyesha chini ya dole gumba. Aliugonga mwenyewe kwa jiwe, mambo yakaisha, wala hana kinyongo na mimi.

Nimefunga kibanda saa nne asubuhi. Nikashusha turubai, nikaketi, nikavua kiatu cha kulia. Soksi haikukubali kutoka, ilibidi niilowanishe kwa maji. Chini ya dole gumba kuna tundu ambalo ncha ya kidole inaingia. Kando yake ngozi imekuwa nyeupe na imevimba, katikati ina rangi ya majivu. Ile harufu ilikuwa yangu. Siku kumi na saba nimetembea juu ya kidonda, nikilaumu paa, nikilaumu miguu ya wateja.

Nikabonyeza nione kama kitauma. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Nilimwomba Mungu kidonda kiniume, nilimwomba kwa sauti, ndani ya kibanda nimejifungia, mtu mzima na mguu wake mikononi. Hakikuuma.

Najua mwenye akili angekwenda hospitali saa ile ile. Mimi nilimwona kaka akienda. Alitembea mwenyewe mpaka mlangoni, akatuaga kwa utani, na daktari wake alikuwa mpole sana. Mimi siendi. Nitakitibu mwenyewe.

Jumanne, 16 Aprili

Nakiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, mke wangu akiwa kazini kwake. Nimekata soli ya ndani kwa ngozi laini na kuitoboa mahali pa kidonda nisikikanyage. Kazi safi, mteja yeyote angeifurahia. Na tangu Alhamisi sijagusa kitu kitamu. Chai kavu, maharage, mboga. Wembe ameleta soda nimemrudishia. Binti yangu ameleta biskuti, nimemwambia ale zote, akazila.

Namba 17.4. Sielewi. Siku nilizokula kama mwehu ilikuwa kumi na nne.

Ijumaa, 19 Aprili

18.8. Sijala hata tunda. Mvua kutwa. Nimekaa na nyundo mkononi nikasahau nilikuwa nagonga nini.

Jumatatu, 22 Aprili

Bibi Kijiko hakuanza na kipimo. Aliweka daftari lake mezani, akaweka karatasi ya maabara kando yake.

"Daftari linasema saba, nane, saba. Damu yako inakumbuka miezi mitatu, na inasema wastani wako ni kumi na tano. Nani kati yenu nimwamini?"

 Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, hakupiga makelele. Akavua miwani, akasema, "Mama yangu alikuwa anajinyima siku mbili kabla ya kliniki, kama wewe. Na mimi tayari nilikuwa muuguzi. Nilikuwa nasoma daftari lake nafurahi." Akaivaa tena. "Nilimzika nikiwa bado na hilo daftari."

Nilimuuliza, kama vile namuulizia mtu mwingine, kwa nini sukari inapanda wakati mtu ameacha kula vitamu. Akasema mwili ukiwa na kidonda au usaha unapandisha sukari, hata ule majani matupu. Akanitazama. "Una kidonda, Mzee?"

"Sina."

"Vua viatu."

"Wiki ijayo, dada. Leo nina haraka."

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa, mtu amenishikia na kunisubiri, na mimi nikasema wiki ijayo. Nimelia njiani kwenye mvua ambapo hakuna wa kuniona. Hata jina la Bibi Kijiko sina hamu nalo tena.

Jumamosi, 27 Aprili

Homa tangu juzi. Nilibaki nyumbani, nikaenda jikoni kunywa maji nikiwa peku, nikarudi kitandani. Mke wangu alikuwa anapiga deki.

"Umekanyaga nini?" akauliza kutoka ukumbini.

 Akazifuata alama sakafuni mpaka chumbani, alama za mguu mmoja, akafunua shuka. Nilingoja anipigie kelele. Aliketi sakafuni na kitambaa cha deki mkononi, akaushika ule unyayo kwa mikono miwili kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Tangu lini?"

"Mwezi."

"Mwezi! Unalala na mimi kitanda kimoja, mwezi!"

"Niliogopa watanikata kama kaka."

"Na mimi je? Mimi niliogopa nini, unafikiri? Mwaka mzima nakula maharage na wewe, sukari nimeiacha hata kazini ili nisije nikanuka chai tamu mbele yako. Nilifikiri tuko wawili."

Nilimwita askari jela humu ndani. Nimerudi kwenye ukurasa ule nikausoma, nikaona aibu. Gari limekuja kutuchukua. Naandika kwenye benchi la hospitali, mke wangu amesimama dirishani anabishana na karani.

Alhamisi, 2 Mei

Kidonda kimefika kwenye mfupa. Daktari anataka kukata chini ya goti. Nimekataa. Ni mpole sana, kama yule wa kaka.

Ijumaa, 3 Mei

Daktari amechora mstari kwa kalamu pale wekundu wa mguu ulipoishia, juu kidogo ya kifundo. Amesema kesho tutaona. Mimi pia huchora mstari kwenye ngozi kabla ya kukata. Nimekataa.

Jumamosi, 4 Mei

Wekundu umevuka mstari kwa vidole viwili. Amechora mwingine. Nimekataa.

Jumapili, 5 Mei

Umevuka tena. Mstari wa tatu.

Jumatatu, 6 Mei

Mstari wa nne uko katikati ya muundi. Daktari amesema ukipita goti atakata pajani, na ukipita hapo hatakuwa na pa kukata.

Mke wangu hakunibembeleza. Aliniuliza tu, "Nani atakuwa mzee wa nyumba yangu?" Binti yangu alikuwa mlangoni mwa wodi na chupa ya soda, hajaifungua, machozi yanamtiririka. Nikaitisha karatasi. Kalamu sikuisikia vizuri mkononi, saini imekwenda kombo, karani akauliza kama ndivyo ninavyosaini. Nikamwambia siku hizi ndivyo.

Jumatano, 8 Mei

Wamekata.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imekata tangu jana. Nasikia watoto wa jirani na hospitali wanacheza nje.

Watu wanaokuja kuniona huangalia uso wangu kwa nguvu, wasije wakaangalia chini. Wembe amekuja, amekaa, hakupata utani hata mmoja. Alitoa soda mfukoni kwa mazoea, akaiangalia, akairudisha, akaanza kulia akiwa na koti lake la kinyozi. Nilimpenda sana huyu mtu kwa sababu hakuwahi kuninyima kitu. Leo nilitamani angeninyima mara moja tu. Halafu nikaona namwonea, soda zile nilizinywa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Daktari ameukagua mguu wa kushoto. Amechukua uzi mgumu mwembamba akanigusa nao sehemu kumi za unyayo, nimefumba macho, niseme nikisikia. Nimesikia sehemu mbili. Akaandika. Kibanda hakina maana tena, vidole vimekufa na mguu umebaki mmoja, na huo mmoja nao hauko nami. Sina hamu ya kuandika kesho.

Jumatatu, 20 Mei

Wiki nzima sikuandika. Leo naandika.

Muuguzi wa kliniki amepanda mpaka wodini kwangu, baada ya kazi yake. Hakugusia daftari. Alikaa, akaniuliza nalala vipi, kisha akamtazama binti yangu aliyekuwa ananifutia miwani, akamuuliza umri wake, na kama anakunywa maji mengi, na kama anaamka usiku kwenda haja. Binti yangu akacheka kwa aibu, akasema maji anakunywa sana, ni joto la dukani.

"Njoo nikupime. Ni tone moja tu."

"Mimi? Mimi mzima."

"Njoo tu."

Akaja kuketi pembezoni mwa kitanda, pale ambapo siku hizi pana nafasi. Akanyoosha kidole, akaniangalia. "Baba, inauma?"

Nikamwambia ukweli. "Sijui, mwanangu. Mimi sisikii tena."

Alipochomwa aliruka, akapiga ukelele mdogo, akanyonya kidole kama mtoto. Mimi nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu imemuuma, bado anasikia, huyu bado ana vidole vyake vyote.

Muuguzi aliisoma ile mashine, akaifuta, akampima tena kwenye kidole kingine. "Umekula nini asubuhi hii?"

"Sijala kitu. Nilikuja mbio kumwona Baba."

"Wala chai?"

"Wala chai."

Ilikuwa 12.6. Mke wangu alikuwa anakunja shuka, akaacha kukunja.  Muuguzi akamshika binti yangu bega, akaanza kumweleza polepole kwamba leo si mwisho wa dunia, watapima tena maabara, na kwamba katika umri wake mtu akianza mapema anaweza kuishi miaka mingi bila kupungukiwa kitu. Nilimwona binti yangu hamsikii. Alikuwa ananitazama mimi, shuka ilivyolala bapa upande wa kulia.

"Baba," akasema, "sasa nifanye nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sina neno hata moja la kumwambia ambalo mimi mwenyewe nimewahi kulifanya.